Uzito wa Mkwe

Placidia alimkuta Mzee Deodatus nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, amepakata gunia la maharage.

Amelipakata hasa, mikono imelizunguka, macho ameyafumba, midomo inanong'ona hesabu. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa kwenye mgomba. Gunia halikuwa limejaa, lakini uzito wake ulikuwa wa mtu mzima, na sehemu kubwa ilikuwa imetua juu ya paja la kulia, lile lililovunjwa na pikipiki kwenye mteremko wa Mabira na kufungwa chuma kwa skrubu. Mkewe, Kokwijuka, alisimama pembeni. Alipomwona Placidia aligeuza uso kuelekea kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, akaanza kubandua majani makavu ya migomba ambayo hayakuwa yamemkosea chochote.

Placidia hakupiga kelele. Aliutua mkoba wake, akamwambia mzee asisogee hata kidogo, akamwita Kokwijuka, na wote wawili wakalinyanyua gunia na kulishusha taratibu.

"Shikamoo, baba," alisema, maana hata katika hasira adabu hakuisahau.

"Marahaba, daktari. Leo umetuvamia bila taarifa."

Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, kazi ambayo wengi wa huko wanaiita kukanda watu, naye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Alifanya kazi katika hospitali moja ya upande wa Karagwe, na mara kwa mara alipanda pikipiki kutoka Kayanga kwenda kuwaona wagonjwa wa Kyerwa wasioweza safari. Kati ya wote, Deodatus ndiye aliyekuwa fahari yake. Alimpokea paja likiwa limenywea mpaka ngozi inaning'inia, akampangia ratiba ya kuimarisha misuli: kwanza kulikaza paja akiwa amelala, kisha kuunyanyua mguu mtupu, kisha kuunyanyua na kifuko cha mchanga kifundoni, kisha kuinuka kwenye kiti akijisukuma kwa mikono. Kanuni alizirudia mpaka mzee akazikariri kama sala. Uzito uongezwe kidogo kidogo. Maumivu ya msuli yavumiliwe, maumivu ya mfupani yakija, acha hapo hapo. Hata Kokwijuka alipewa somo lake: akimsaidia mumewe kuinuka asimvute mkono kama anavuta ndama, amwekee viganja chini ya viwiko na kumwacha aegemee.

Sasa kanuni hizo zilikuwa zimemgeukia mwalimu. Mzee alieleza kwa raha kabisa, kama mwanafunzi aliyefanya zaidi ya alichoagizwa. Alianza na nusu debe la maharage juu ya mapaja. Likazoeleka, akaongeza. Akafika debe, akapita debe, na leo amefika hapa, na mguu haujalalamika sana.

"Si wewe uliyesema kidogo kidogo?" aliuliza. "Nami najizoesha. Baada ya Pasaka nina mtu wa kumpakata."

Placidia alikuwa mzaliwa wa Muleba, wilaya yenye desturi hiyo hiyo, hakuhitaji kutafsiriwa. Alijua kwamba bibi harusi haingii katika ukoo kwa cheti cha kanisa peke yake. Hufikishwa nyumbani, akakalishwa kwenye mapaja ya baba mkwe, kisha ya mama mkwe, na akiinuka hapo ni mtoto wa nyumba hiyo. Jovin, mtoto wa pekee wa kiume wa Deodatus, alikuwa anaoa. Na katika ukoo wao, mzee aliongeza, msemaji humuuliza baba mkwe mbele ya watu wote kama mtoto huyo ni mzito au mwepesi, na baba hujibu kwamba ni mwepesi, watu wakacheka. Jibu hilo alikuwa amelisubiri tangu Jovin azaliwe.

Placidia aliokota mti mmoja wa kuegemezea migomba, akaulaza juu ya mawe mawili, akaukanyaga katikati mpaka ukapinda. Alimweleza kwamba mtu akikaliwa mapajani, paja huwa hivyo: nyonga jiwe la huku, goti jiwe la kule, na msuli hauna la kufanya hata ungekuwa mnene namna gani. Uzito wote unaubeba mfupa. Na mfupa wa mzee ulikuwa haujaunga, ulishikiliwa na chuma tu. Chuma nacho kikipindwa kila siku huchoka, na siku kitakayokatika hakitapiga hodi. Akauliza kama haiwezekani mkwe akakalia paja la kushoto peke yake, lile zima.

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwenye paja moja hukalishwa kimada kilabuni," alisema. "Mkwe wangu atakalia yote mawili."

Kokwijuka akajikohoza. Ikabidi aseme yeye kile ambacho mumewe hakutaka kukisema. Miezi yote ambayo Deodatus alilala hospitali, mdogo wake Anastazi ndiye aliyekwenda Kaisho kuposa, ndiye aliyekalia kiti chake kwenye vikao vya ukoo, na kiti chenyewe kilikuwa kimemkaa vizuri. Ameshatangaza kwamba kama kaka yake bado mgonjwa, yeye yuko tayari kumpakata mkwe. Akimpakata ndiyo basi. Mkwe atakuwa mtoto wa Anastazi, na hata watoto wake wakizaliwa, majina watapewa na Anastazi.

"Nilimwachia kila kitu," Deodatus alisema kwa sauti ya chini. "Hili siwezi. Nikimwachia na hili, mimi ni mgeni ndani ya nyumba yangu."

Placidia alimhurumia, na huruma hiyo ilimwudhi, kwa sababu haikuwa na msaada wowote kwa mfupa.

Walimpeleka hospitali kupigwa picha ya eksirei. Picha haikuwa na huruma. Ufa ulikuwa bado unaonekana, na skrubu moja ilikuwa imeanza kurudi nyuma, kidogo tu, lakini ilikuwa imeanza. Daktari wa upasuaji alikata kauli: mazoezi ya Placidia yaendelee, magunia yakome, na mtu yeyote asikalie paja hilo. Chuma kikikatika ni hospitali ya rufaa Mwanza, kufunguliwa upya, na kwa umri wa mzee hakuna wa kumwahidi kwamba atatembea tena. Deodatus alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaomba magongo yake.

"Harusi haiahirishwi kwa ajili ya skrubu," alisema mlangoni.

Placidia alijaribu yote. Alimwita katekista akaongee naye, akarudi amekubaliana na mzee. Alimpigia Jovin, Jovin akalia kwenye simu. Ilipobaki mwezi na kidogo, alianza kukosa usingizi. Kila alipofumba macho alisikia chuma kikikatika, ingawa sauti hiyo hakuwahi kuisikia maishani mwake.

Ndipo siku moja ya soko Kokwijuka akaja Kayanga, na hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Liliane, bibi harusi mwenyewe, binti wa Kaisho aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka hapo Kayanga, karibu na stendi. Msichana mrefu, mwenye mwili wa kutosha, asiye na haraka ya kuongea. Alimwamkia Placidia, akakaa, akauliza swali moja tu.

"Dada, ni lazima nimkalie kweli?"

Placidia hakuelewa. Liliane akainamisha uso, akaeleza kwa aibu kwamba shuleni, bwenini, vyoo vilikuwa vya kukaa na vilikuwa vichafu, na hakuna msichana aliyewahi kuvigusa. Walikuwa wanajishusha, wanabaki hewani, wanamaliza shida zao. Sasa gauni la harusi analishona yeye mwenyewe. Akiliachia upana wa kutosha, nani ataona magoti yake yanafanya nini?

Kokwijuka alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Placidia naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu wazo lilikuwa la maana. Alimwambia Liliane asimame mbele ya kiti, ajishushe, abaki hewani bila kukigusa. Msichana akashuka vizuri, akatulia, akatabasamu. Muda si mrefu tabasamu likapotea. Mapaja yakaanza kutetemeka, mikono ikatafuta pa kushika, akaporomoka kitini kwa kishindo.

Mtu anayekaa polepole ana uzito wake tu. Mtu anayeporomoka ana uzito wake na zaidi. Kama angeporomoka hivyo juu ya Deodatus, bora gunia.

"Kupakatwa kwenyewe kunachukua muda gani?" Placidia aliuliza.

Kokwijuka akatoa kanga usoni. Hakuwa anacheka tena. "Msemaji wa baraka ni Anastazi," alisema. "Inategemea na mdomo wake."

Basi Placidia akaanza kufanya kitu ambacho chuoni hakufundishwa: kumtibu mgonjwa wa Kyerwa kupitia miguu ya mtu asiyeumwa wa Kayanga. Alimpangia Liliane ratiba kama anavyompangia yeyote, kwa sababu mwili wenye afya nao huumia ukikurupushwa. Kwanza kukaa hewani mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Kisha kuinuka na kushuka kwenye kiti polepole bila mikono. Kisha kiti kifupi zaidi. Siku ya mazoezi, halafu siku ya kupumzika, na siku ya kupumzika ni ya kupumzika kweli. Jioni baada ya kazi alipita kwenye baraza ile, wakaingia stoo ya duka, na Liliane akashuka ukutani huku jasho likimtiririka na meno ameyauma.

Dhamiri ilimsumbua. Alikuwa anamdanganya mgonjwa wake machoni, mzee anayemwita mwanangu. Alijiambia kwamba angemwambia ukweli mzee angekataa, na angekataa kwa namna ambayo isingerudishika. Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikumpa usingizi.

Maendeleo yalikuwa mazuri mpaka wiki ile Liliane alipomjia akichechemea. Goti lilikuwa limevimba. Placidia alimbana kidogo tu kwa maswali, naye akakiri: siku za kupumzika hakuwa akipumzika. Alikuwa anafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, na tena chumbani kwake, kwa sababu alihofia muda hautatosha.

"Ukoo mmoja kweli," Placidia alimwambia kwa hasira. "Hujaolewa bado na tayari umefanana na baba mkwe wako."

Alimsimamisha kabisa. Barafu, kupumzika, na kukaza misuli akiwa amelala, basi. Siku zikapita bure huku matangazo ya ndoa yakisomwa kanisani. Goti lilipotulia walianza upya chini ya pale walipokuwa wamefika, na Placidia akajua kwamba hawatafika alipotaka. Ikabidi apunguze kazi yenyewe. Alimwagiza Kokwijuka aukunje mkeka mara nyingi iwezekanavyo na kuuficha chini ya nyasi zinazotandikwa sebuleni, pale pale patakapowekwa kigoda cha mzee, ili mapaja yake yainuke na Liliane asishuke sana. Mama mkwe naye akae jirani, mkono tayari. Na neno la mwisho alimwambia Liliane akiwa amemshika mabega.

"Ukishindwa, usirudi nyuma. Hata kidogo. Jitupe mbele, upige magoti. Watu watasema bibi harusi ana heshima."

Jumamosi ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Watu walijaa mpaka chini ya migomba. Placidia alikaa sebuleni kati ya wanawake, amevaa vizuri. Deodatus alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake, shati jeupe, magongo yamefichwa nyuma ya mlango kwa amri yake. Hakuwa mjinga, maelezo ya picha ya eksirei aliyasikia vizuri kabisa. Alikuwa anaogopa, na alikuwa amekata shauri.

Liliane aliingizwa. Gauni lilikuwa pana, zuri, limeanguka mpaka kwenye nyasi. Akageuka, akampa mzee mgongo, akatanua miguu ndani ya gauni ambamo hakuna aliyeona, akashuka. Taratibu. Kitambaa kikayafunika mapaja ya Deodatus. Vigelegele vikapasua paa, na Kokwijuka peke yake ndiye ambaye hakupiga.

Anastazi akasimama. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na alilijua hilo. Alianza na Mungu, akaja kwa babu aliyefungua kibanja kile, akapita kwa kila mwanawe na kila mke wa kila mwanawe. Huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alitaka tu kukalia kidogo kiti alichokuwa anakiacha. Lakini Placidia, aliyekuwa hamwangalii msemaji, alikuwa anatazama shingo ya Liliane. Mshipa mmoja ulikuwa umesimama. Jasho lilikuwa limeanza kushuka sikioni. Kisha pindo la gauni likaanza kutikisika, kama nyasi panapopita panya.

Jitupe mbele, Placidia alimwomba kimoyomoyo. Jitupe, mtoto, inatosha. Liliane hakujitupa. Macho ameyakaza mlangoni, kidevu juu. Anastazi akafika kwa shangazi wa Rwanda.

Ndipo Placidia akauona uso wa mzee.

Deodatus alikuwa amejiandaa kwa uzito. Alikuwa ameuzoea uzito, aliusubiri kwa meno yaliyobanwa, na uzito haukuja. Alikuwa ameguswa na kitambaa tu, na nyuma ya kitambaa mwili uliokuwa unatetemeka. Alitazama mgongo wa yule msichana. Alitazama chini, akabonyeza nyasi kwa kisigino, akahisi mkeka. Akamtazama mkewe, na mkewe akatazama pembeni kama siku ile ya gunia. Mwisho akanyanyua macho, yakatembea katikati ya wanawake mpaka yakamkuta Placidia, yakabaki hapo.

Placidia hakuwahi kutazamwa hivyo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijua mzee huyu anaweza kufanya nini: kumshika mkwe wake na kumvuta chini, paja liende na maji, heshima ibaki.

Mikono ya Deodatus ikanyanyuka.

"Kaa, mwanangu," alisema kwa sauti ya kunong'ona, lakini waliokuwa mbele walisikia.

Liliane alivuta pumzi. "Nimekaa, tata," akajibu, kwa neno wanalomwitia baba nyumbani kwao.

Anastazi aliendelea kusema. Kisha mzee akapeleka viganja vyake chini ya viwiko vya Liliane. Hakuvuta. Alivikaza hapo, akasukuma juu, kwa mikono ambayo miezi ya magongo na ya kujiinua kitini ilikuwa imeijaza misuli. Liliane akaelewa, akaviegemeza viwiko. Mshipa wa shingo ukalegea, na pindo la gauni likatulia. Mzee alikuwa amembeba, mabega yakimsimama ndani ya shati jeupe, na mapaja yake hayakuwa na kitu. Placidia aliangua kilio bila kujijua, na mama mmoja jirani akampa kitambaa, akidhani ni machozi ya harusi.

"Anastazi," Deodatus alisema, sasa kwa sauti ya mwenye nyumba. "Inatosha. Mtoto amekaa."

Anastazi alikatizwa katikati ya jina la mtu. Alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akamwona yuko pale pale alipokuwa zamani. Hakubisha. Lilibaki swali moja la desturi, akaliuliza kama inavyopasa, akitabasamu, huku watu wakijiandaa kucheka.

"Haya, kaka. Tuambie basi. Mzito au mwepesi?"

Jasho lilikuwa linamshuka Deodatus kidevuni, mikono imeanza kumtetemeka yeye sasa, na bado hakuiondoa.

"Mzito," alisema. "Sijawahi kupakata kitu kizito hivi."